Barua ya wazi kwa wanaosimamia vibali vya Mlima Kilimanjaro

Kwa: Waheshimiwa mnaosimamia vibali, ada na usajili wa wapanda Mlima Kilimanjaro

Yah: Kanuni za vibali zisizosomeka kwa namna moja, na madhara yake huko mlimani

Waheshimiwa,

Tunawasalimu kwa heshima. Tafadhali husikeni na kichwa cha barua hapo juu.

Sisi ni waongozaji, wapishi, wapagazi na waandaaji wa safari za mlimani tunaofanya kazi kutokea Moshi na Marangu. Hatuandiki kupinga ada, wala hatuandiki kupinga kanuni. Hifadhi iliyotangazwa mwaka 1973 na kuingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1987 haiwezi kutunzwa bila fedha na bila utaratibu. Sharti lililopo tangu 1991, kwamba kila anayepanda awe na mwongozaji aliyesajiliwa, tunaliunga mkono kwa moyo wote.

Tatizo ni kwamba kanuni zenyewe zimekuwa jambo la kuulizana. Tumeuliza madirishani, tumepiga simu, tumeandika barua za kawaida. Majibu tuliyopata yalibadilika kulingana na aliyekuwa zamu siku hiyo. Kwa kuwa njia hizo zimefika mwisho, tunayaweka haya hadharani, moja baada ya jingine.

1. Ada inayotangazwa si ile inayolipwa

Mgeni asiye mkazi husoma hivi: ada ya hifadhi dola 70 kwa siku, ada ya kambi dola 50 kwa usiku, ada ya kibanda kwenye njia ya Marangu dola 60 kwa usiku, ada ya uokoaji dola 20 kwa safari nzima. Anakaa na karatasi yake, anapiga hesabu ya njia ya Machame ya siku 7. Siku 7 mara 70 ni 490. Usiku 6 mara 50 ni 300. Uokoaji 20. Jumla 810.

Kumbe bado kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, ambayo ni dola 145.80, na jumla halisi inafika 955.80. Hapo hajaweka kiingilio cha mwongozaji, mpishi na wapagazi wake, maana nao huingia kwa kulipiwa. Wengine hukosea hata kabla ya kodi, kwa kuhesabu usiku 7 kwa siku 7, au siku 6 kwa usiku 6 wakidhani siku ya kushuka hailipiwi.

Kwa kikundi cha watu 8, kodi iliyosahauliwa ni dola 1,166.40. Aliyewapangia bei hawezi kuwarudia wageni walioko njiani kuja, na kwenye ada hana pa kupunguza. Anapunguza panapopungua: wapagazi wanatolewa wawili, unga na nyama vinapimwa upya, na posho ya mtu aliyebeba mzigo siku saba inacheleweshwa. Kwa hiyo mstari mmoja usioandikwa kwenye jedwali la ada unaishia kwenye sahani na mgongo wa mpagazi.

2. Siku ya ziada haina kanuni inayoeleweka

Hili ndilo hasa lililotufanya tuandike.

Ili kuepuka ugonjwa wa mwinuko, unaompata mtu anayepanda haraka kuliko mwili wake unavyoizoea hewa nyepesi, madaktari wa milimani hushauri kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike siku moja. Sasa tazameni njia ya Marangu ya siku tano. Usiku wa kwanza ni Mandara, mita 2,720. Wa pili Horombo, 3,720. Wa tatu Kibo, 4,720. Ni mita elfu moja kila siku, kisha kuelekea saa sita ya usiku huohuo mtu anaamshwa kuanza kupanda kwenda Gilman's Point, ukingoni mwa kreta, na akijaliwa hadi Uhuru, mita 5,895.

Kinga inajulikana na kila mwongozaji: kuongeza usiku mmoja Horombo, na siku hiyo ya katikati mgeni atembee hadi Zebra Rocks au zaidi kidogo kuelekea Mawenzi, kisha arudi alale palepale. Horombo ndicho kituo chenye vitanda vingi zaidi kwenye njia hiyo, kwa kuwa kinapokea wanaopanda, wanaopumzika na wanaoshuka.

Siku hiyo ina bei yake. Dola 70 za hifadhi na 60 za kibanda ni 130. Ukiongeza kodi ya 23.40 unapata 153.40 kwa kila mgeni. Kwenye njia za mahema ni 141.60. Anayetaka kuuza safari kwa bei ya kutupa huanza kwa kuikata siku hiyo. Hayo ni mambo ya soko na hatuwezi kuwabebesha ninyi lawama ya kila anayeuza siku tano.

Lakini yanayotokea katikati ya safari yamo mikononi mwenu. Kibali kimetoka cha siku sita. Usiku wa tatu mgeni anaumwa kichwa kisichosikia dawa, chakula hakipiti, ametapika mara mbili. Hajafika hatua ya kubebwa kwa machela. Anachohitaji ni kubaki hapo alipo bila kupanda mpaka dalili ziishe, na zikizidi ashushwe mara moja. Mwongozaji anayeijua kazi anataka kuongeza usiku mmoja. Hapo maswali yanamjia kwa mpigo. Ninaruhusiwa kuongeza, au lazima kibali kipya? Ninalipia kambini, au geti la kushukia? Kumbukumbu namba ya malipo nitaipataje nikiwa kambini na simu inashika ukisimama upande mmoja tu? Nikitoka na siku nyingi kuliko zilizoandikwa, nitatozwa faini au ada ya kawaida? Kitanda cha Kibo kilichokuwa cha kesho kinasogea hadi kesho kutwa, au kimeshapotea?

Mwongozaji asiye na jibu la maandishi anaamua huku akiwaza kwamba kampuni itamkata mshahara. Mgeni naye, ambaye ametoa maelfu ya dola na likizo ya mwaka mzima, hataki kusikia neno kushuka. Basi wote wawili wanakubaliana waende pole pole, wataona huko mbele. Huko mbele ndiko maji hujaa kwenye mapafu na ubongo huvimba.

Na anayeshuka kabla ya siku zake? Kama ada za siku zisizotumika hazirudishwi, iandikwe wazi kwenye kibali chenyewe, kwa herufi zinazosomeka. Mtu akijua mapema kwamba fedha hiyo imeshakwenda, hatang'ang'ania kambini akidhani anaiokoa.

3. Makundi ya watu hayajafafanuliwa

Jedwali linasema raia wa Afrika Mashariki. Jumuiya ya leo siyo ya nchi tatu. Kuna Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi. Sudan Kusini iliingia mwaka 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022, na Somalia baada yake. Mgeni kutoka Lubumbashi au Bukavu anapotuuliza kama atalipa kwa shilingi au kwa dola, tunataka kumwonyesha orodha yenye majina ya nchi. Hatutaki kumjibu kwa kukisia, kwa sababu tofauti ya viwango hivyo ni kubwa mno. Vivyo hivyo kwa mgeni mkazi: ni kibali kipi cha ukaazi kinachokubalika, na kikiwa kinaisha katikati ya safari inakuwaje? Na Mtanzania wa kuzaliwa aliyechukua uraia wa nchi nyingine, ambaye sheria yetu haimruhusu kushika pasipoti mbili, anaingia kundi gani?

Umri nao una mkanganyiko wa aina yake. Kwenye ada, mtoto ni wa miaka 5 hadi 15. Kwenye kupanda hadi kileleni, kiwango cha chini ni miaka 10. Mzazi mwenye mtoto wa miaka 8 anaona ada ya mtoto imeandikwa, anaamini safari ya kilele inaruhusiwa, analipa. Kanuni hizo mbili hazipingani kabisa. Zimekaa tu mahali tofauti, na hakuna moja inayomwelekeza msomaji kwa mwenzake.

4. Njia ina jina moja, geti lina jina jingine

Anayepanda kwa Rongai anaanzia geti la Nalemoru, lakini vikundi vingi vinavyotoka Moshi husimama kwanza Marangu kwa ajili ya makaratasi. Anayepanda kwa Lemosho hujisajili Londorossi, kisha hupanda tena gari hadi mahali pa kuanzia kutembea. Mzunguko wa Kaskazini nao huanzia hukohuko Londorossi. Wa Machame, Lemosho na Umbwe hushukia Mweka. Wa Rongai hushukia Marangu. Haya sisi tumeyazoea. Ila dereva mpya aliyeandikiwa neno moja tu, Rongai, anaweza kulivuka geti la Marangu na karatasi zikiwa bado hazijagongwa, na kikundi kizima kikarudishwa.

Saa mbili zilizopotea asubuhi hazirudi. Kutoka geti la Machame hadi kambi ya kwanza ni kilomita 11 hivi, mwendo wa saa tano hadi saba kwa mgeni wa kawaida, ndani ya msitu wenye mizizi na matope. Giza huingia kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni. Kikundi kinachotoka getini saa saba mchana kitamalizia njia kwa tochi, na mara nyingi tochi hizo zimo kwenye mabegi yaliyokwisha kutangulia na wapagazi.

5. Ada ya uokoaji inaahidi nini?

Dola 20, na kodi yake zinakuwa 23.60. Wageni wengi hulipa wakiamini wamelipia helikopta. Kwa ufahamu wetu fedha hiyo inahusu uokoaji wa miguu: askari wa hifadhi, wapagazi, na ile machela yenye gurudumu moja katikati, ambayo watu sita huishika huku na huku wakishuka nayo kwenye mawe. Helikopta ni gharama ya bima ya mgeni mwenyewe, nayo bima lazima iwe inafika mita 6,000. Bima nyingi za safari huishia chini ya hapo, na mgeni hulijua hilo akiwa kambi ya juu ya Barafu, ambapo mwongozaji anapigiwa simu na kuulizwa namba ya bima kabla rubani hajawasha injini.

Andikeni sentensi mbili tu chini ya mstari wa ada hiyo: inalipia nini, hailipii nini.

6. Kilo 20 za mpagazi

Kikomo cha kilo 20 ni kanuni tunayoipenda kuliko zote, kwa sababu imewaokoa migongo wagumu wetu, yaani wapagazi. Lakini bado kuna ubishi kwenye mizani kama kilo hizo ni za mzigo wa kampuni peke yake, na vitu binafsi vya mpagazi vya kilo 5 hivi vikae juu yake, au kama vyote vihesabiwe pamoja. Tofauti ya kilo tano kwa kila mtu kwenye kikundi chenye wapagazi 20 ni kilo 100, yaani wapagazi saba hivi wa kuongeza, au watano wa kuacha. Aliyepanga kwa tafsiri moja akakuta tafsiri nyingine getini, hutafuta wapagazi wa haraka nje ya uzio, na hao ndio mara nyingi hawana koti la mvua wala viatu vya kufikia Barafu.

Kuna jingine ambalo mizani ya getini haiwezi kuliona. Hema lililopimwa likiwa kavu, likinyeshewa usiku kambi ya Machame na kukunjwa asubuhi likiwa bado linachuruzika, linaongeza uzito kabla ya kufika kambi ya Shira. Mpagazi hajaongezewa kitu, ila amevuka kikomo. Tunaomba mwongozo wa kambini uliandike hilo, na useme nani anabeba ziada hiyo.

7. Mwananchi anayekuja mwenyewe

Kuelekea tarehe 9 Desemba kila mwaka, Watanzania hupanda kukumbuka mwenge na bendera vilivyowekwa kileleni mwaka 1961. Ni jambo la kujivunia. Lakini kijana anayetoka Mwanza au Dodoma na kitambulisho chake cha taifa na fedha mfukoni hajaambiwa popote, kwa Kiswahili na kwa mpangilio, kwamba lazima apitie kampuni yenye leseni ya utalii; kwamba malipo hayapokelewi taslimu ila kwa kumbukumbu namba kupitia benki au simu; na kwamba ada ya hifadhi kwa raia ni sehemu ndogo ya gharama, huku kubwa zaidi ikiwa ni watu, chakula, gesi, mahema na usafiri. Anayetaka kwenda Mandara na Kreta ya Maundi na kurudi siku hiyohiyo naye anahitaji kujua masharti yake ni yapi, kwa sababu hiyo ndiyo safari ambayo familia nyingi zinaimudu.

Waheshimiwa, tunajua yapo majibu yaliyo tayari.

Mnaweza kusema kanuni zote zipo. Ni kweli zipo. Ada ziko kwenye jedwali la hifadhi zote za nchi, uzito uko kwenye bango, umri uko kwenye maelezo ya safari, na mengine yako vichwani mwa watu. Sehemu kubwa iko kwa Kiingereza, wakati mtu anayepimwa mzigo, anayehojiwa getini na anayefanya uamuzi usiku wa manane anafanya kazi yake yote kwa Kiswahili.

Mnaweza kusema kwamba kumwelimisha mgeni ni kazi ya kampuni. Kampuni nzuri zinafanya hivyo. Ila kampuni mbovu ndiyo inayonufaika na kanuni isiyoonekana, kwa sababu mteja hana pa kuhakiki. Mgeni akiweza kuona mwenyewe kwamba ada za Machame siku 7 pekee ni dola 955.80, atamtilia shaka anayemuuzia safari nzima kwa bei inayokaribia hapo, na atamuuliza mpagazi analipwa kutoka wapi.

Mnaweza kusema mfumo wa malipo ni wa Serikali nzima, hamuwezi kuubadilisha. Hatuombi ubadilishwe.

Na mnaweza kusema watu hawasomi. Katazo la mifuko ya plastiki lililoanza tarehe 1 Juni 2019 lilisomwa na kila mtu, kuanzia dereva wa bodaboda hadi mgeni aliyekuwa bado kwao akipanga begi. Lilikuwa na tarehe moja, maneno machache, na lilibandikwa kila mahali. Vibali vya mlima vinastahili kutangazwa vilevile.

Tunachoomba ni hiki:

Kwanza, ukurasa mmoja wa Kiswahili na mwingine wa Kiingereza, wenye ada zote zikiwa zimeshaongezwa kodi, makundi ya watu yakiwa yametajwa kwa majina ya nchi na aina za vibali, umri wa kulipa na umri wa kupanda vikiwa kwenye mstari mmoja, na tarehe ya kuanza kutumika ikiwa juu kabisa. Ukurasa huo ubandikwe Marangu, Machame, Londorossi, Umbwe, Nalemoru na Mweka, na uwekwe mtandaoni ukiwa na mifano mitatu ya hesabu: Marangu siku 6, ambayo kwa mgeni ni dola 873.20, Machame siku 7, na raia wa Tanzania kwenye njia yoyote.

Pili, kanuni ya siku ya ziada kwa sababu ya afya. Mwongozaji aruhusiwe kuongeza usiku mmoja kwa kumwarifu askari wa kambi, jina liandikwe kwenye daftari la kambi, na malipo yafanyike geti la kushukia kwa kiwango cha kawaida bila faini. Mkiona inawezekana kusamehe ada ya kitanda au kambi kwa usiku huo, mtakuwa mmefanya jambo kubwa. Hata msiposamehe, idhini ya maandishi peke yake inatosha kubadilisha maamuzi ya usiku wa tatu.

Tatu, tafsiri moja ya kilo 20, ibandikwe juu ya kila mizani.

Nne, taarifa ya mabadiliko ya ada itolewe angalau miezi sita kabla, kwa kuwa safari za Julai huuzwa Januari au mapema zaidi.

Wakati wa masika, Machi hadi Mei, wapandaji hupungua na mageti huwa na nafasi ya kupumua. Muda huo unatosha kuandika, kusahihisha na kubandika kabla ya msongamano wa Juni. Rasimu ya ukurasa wa Kiswahili tumeshaianza, pamoja na hesabu zake, na tuko tayari kuileta Moshi au Marangu na kukaa nanyi bila kudai posho. Tunaomba majibu ya maandishi ndani ya siku 30 tangu leo, nayo tutayabandika mahali hapahapa tulipobandika barua hii, neno kwa neno.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Waongozaji, wapishi, wapagazi na waandaaji wa safari za Mlima Kilimanjaro
Moshi na Marangu